Shati Jeupe la Fundi

Fundi huyu hazungumzi na mwenye gari mpaka amalizane na gari lenyewe. Tangi la mafuta la gari kuukuu la Mwalimu alilishusha kama anayepokea mtoto mchanga, akaligonga kwa kidole, akatega sikio, akaziba tundu, akalirudisha. Mwalimu, mama aliyekwisha kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje kulichukua gari, alisimama na dumu la petroli mkononi.

Fundi akavua ovaroli, akavaa shati lake jeupe la kurudia nyumbani, akajilaza chali chini ya tangi.

“Mimina, mama. Likivuja, shati litasema.”

Mwalimu akamimina mpaka dumu zima likaisha. Alipotoka, mgongoni vumbi tupu, kifuani jeupe pee.

Mwalimu akampigia simu yule mnunuzi. “Usije, mwanangu. Hutalikuta gari, linatoka.”