Mchikichi wa Butoyi

Chikichi mbivu ikidondoka juu ya bati hutoa mlio mmoja mkavu, kisha hubingirika hadi ukingoni na kunyamaza. Jirani yangu wa sasa ana mchikichi, na kila nikiusikia mlio huo mawazo hunirudisha kijijini kwetu Simbo, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka kutoka Burundi.

Mama yangu alikuwa Muha wa palepale Simbo, mkulima. Baba alikuwa mwalimu wa sayansi, kaletwa na kazi kutoka Songea, na hadi leo sijakutana na mtu aliyependa kueleza mambo kama yeye. Msimu mmoja wa mvua Mama alimpokea mwanamke aliyevuka mpaka kupitia Kagunga na mapacha wawili wa kiume, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, ingawa ugali wenyewe ulikuwa wa kugawana. Pacha mkubwa aliitwa Bukuru, mdogo Butoyi. Butoyi alishikwa na homa, akafa kabla wiki haijaisha. Baba alimchimbia kaburi nyuma ya nyumba, hatua tatu kutoka kwenye mchikichi wetu. Baadaye gari lilikuja kuwachukua wakimbizi, Mama Bukuru akaenda kambini na mtoto mmoja.

Mwaka uliofuata mchikichi ule ulizaa kupita kiasi. Mama hakuruhusu mtu auguse. Ndege walikula walichoweza, chikichi zilizobaki zikashinda zikidondoka batini.

"Mti huu unamla mtoto wa watu," alisema siku moja tukiwa tunakula. "Nitaukata."

Baba akaacha kula, akaanza somo. "Si hivyo, Mama Zawadi. Kinachooza hutoa hewa yenye kaboni. Sisi tukipumua tunatoa hiyohiyo. Majani huivuta, yakipata jua huigeuza sukari, kisha mafuta. Tukila, tunaitoa tena. Kaboni haina kwao."

"Kwa hiyo mtoto yumo au hayumo?"

Baba akajibu. "Yumo kidogo. Na wewe umo. Na mbuzi wa jirani yumo."

Mimi nilicheka, nikafukuzwa mkekani.

Haukupita muda Mama Bukuru akapata kibali cha kuja kuliona kaburi. Nikatumwa kumsindikiza huko nyuma ya nyumba. Nilikuwa na miaka tisa, najiona msomi. Nikamwambia, "Baba anasema Butoyi yumo kwenye majani, kule juu."

Aligeuka. "Majani yapi?"

"Yote. Na kwenye mafuta."

Mama alikuwa amefika nyuma yetu na kusikia. Alijiziba mdomo kwa kanga, nikajua fimbo inanisubiri. Mama Bukuru aliutazama mti, Bukuru akimvuta kitenge.

"Mbona hamkuvuna?" aliuliza.

"Tuliogopa, dada," Mama alijibu.

"Mwana wanje, mwanangu huyu, hakuwahi kumpa mtu kitu," alisema Mama Bukuru. "Vuneni."

Jirani alipanda akakata mikungu miwili. Wanawake hao wawili walichemsha, wakatwanga, wakakamua. Maharage yakaungwa kwa mawese hayo. Bukuru alikula hadi kidevu kikawa chekundu. Mama yake alikula mwisho, taratibu, akafuta sahani kwa tonge. Mama naye alikula. Fimbo sikuiona.

Kwa miaka mingi Baba aliwasimulia wanafunzi kisa hiki kama ushindi wa sayansi: hata mama asiyesoma, alisema, aliielewa kaboni. Nami nilikisimulia hivyohivyo nilipokuwa mwalimu. Nilikuwa mtu mzima nilipoyaona malori yakiwarudisha wakimbizi kwao, watu wamekalia magodoro na masufuria, ndipo nikaelewa kuwa Mama Bukuru hakuwa darasani siku ile. Alijua atahamishwa tena. Kaburi asingeweza kulibeba. Alichokula aliweza.