Meza Iliyogeuka Kitanda Nyuma ya Jikoni

Sisi tuliokulia Beni, mashariki ya Kongo, nani kati yetu alikuwa na kitanda chake peke yake? Tulilala kichwa na miguu, kichwa na miguu, kama ndagala kwenye kikapu, na aliyekojoa hakujulikana mpaka asubuhi. Mchana wasichana tulicheza nzango uani, tukipiga makofi na kurusha miguu hadi vumbi likapanda kwenye nguo zilizoanikwa. Mama akatugombeza, kisha akatuita tule bugali na sombe, kisamvu chetu, yenye mawese mengi, vidole vikawa vyekundu. Watoto wangu mimi kila mmoja anataka chumba chake na prizi yake ya kuchajia simu. Godoro likibonyea kidogo, malalamiko siku nzima. Nawatazama tu.

Nyuma ya jikoni kwetu kulikuwa na gari ambalo halikuwa gari tena. Wazungu wawili waliokuwa wakizunguka Afrika waliharibikiwa na motere ya gari hilo hapo Beni, wakamwachia baba, kwa kuwa alikuwa mtu wa malori, wakasema watarudi. Vita vilikuja, wao hawakurudi. Magurudumu yaliondoka moja baada ya jingine, gari likabaki limekaa juu ya mawe kati ya migomba. Ndani yake mlikuwa na kabati, jiko dogo, na meza katikati ya mabenchi mawili. Ukikunja mguu wa meza na kuishusha, ubao wake ulilingana na mabenchi. Ukitandika magodoro juu, meza imekuwa kitanda. Kwetu ilikuwa ajabu kubwa.

Mwanzoni tulichezea humo tu. Lakini risasi zilipoanza kutoboa mabati ya nyumba upande wa barabara, na jamaa waliokimbia vijiji wakajaa sebuleni, mama aliamua watoto tulale kwenye gari, nyuma ya ukuta wa matofali wa jikoni. Baba hakuwepo, njia ilifungwa akiwa Butembo na lori lake.

Usiku wa siku ile ile tuliyohamia, meza ilianguka. Ubao ulishikwa pembeni na vipande vyembamba vilivyotosha kubeba sahani na vikombe. Juu yake tulikuwa mimi, wadogo zangu wawili, na Tantine Safi, mdogo wa mama, mwanamke wa mwili. Ule mshindo! Watu wa nyumbani walidhani ni bomu, wakakimbilia migombani na watoto mgongoni. Musa, mdogo wetu wa mwisho, vidole vyake vilibanwa kati ya ubao na benchi. Alipofungua kinywa alie, mama, aliyekuja mbio, alikifunika kwa kiganja, maana barabarani kulikuwa na askari. Nakumbuka macho yake juu ya mkono wa mama, makubwa, yakimwaga machozi bila sauti.

Kulipokucha mama aliinama chini ya meza, akachungulia, akasema, "Meza hii itatuua mbele ya vita kutuua."

Mbao zilikuwepo, za mkaratusi, baba alikuwa ameziweka za kutengenezea bodi ya lori. Nyundo na misumari pia. Shida ilikuwa kelele. Siku zile ukigonga misumari, askari walifikiri unaficha mali, walikuja kuona. Mama alimweleza jirani yetu Mama Kavira shida hiyo. Mama Kavira aliondoka, akarudi na kinu chake na majani ya muhogo kifuani, na nyuma yake akina mama wengine wawili. Wakaanza kutwanga sombe uani, *du, du, du*, na mama ndani ya gari akawa anapiga nyundo kila mtwangio uliposhuka. Ukipita barabarani ulisikia wanawake wanapika, basi.

Mama na Tantine Safi walipigilia mbao nene kwenye ubavu wa kila benchi ili ubao wa meza ukalie mti mzima. Katikati wakaweka miguu mifupi ya mti mgumu, na kila mahali mbao zilipokutana walifunga mpira wa chambre à air, ule wa ndani ya gurudumu, ili kitanda kisilie mtu akigeuka. Tantine Safi akapanda, akaruka kwa nguvu zake zote. Kimya.

"Kama inabeba mie," alisema, "itabeba na Kongo yote."

Siku hiyo tulikula sombe mtaa mzima.

Kisha, mchana mmoja wa mvua, Musa aliingia garini mbio akisema askari wanachukua vijana wa kubeba mizigo yao kwenda mbele ya vita. Waliochukuliwa hivyo tuliwajua kwa majina. Wachache walirudi. Kaka yetu Idi alikuwa mwanafunzi wa sekondari, mrefu kama mwanamume. Migombani hakukuwa na njia tena, tulisikia sauti zao huko.

"Idi, ingia chini," mama alisema. "Hapana kukohoa." Idi alijikunja chini ya meza, kati ya ile miguu mipya. Mama akashusha blanketi mpaka sakafuni, akanisukuma juu. "Na weye Zaina, lala hapa. Uko mugonjwa. Funga macho."

Askari aliyeingia alikuwa amelowa, akinuka moshi na mvua. Wenzake walibaki jikoni wakifunua sufuria.

"Mama, vijana beko wapi?"

"Batoto bangu ni hawa tu. Huyu iko na surua."

Nilidhani surua itamfukuza. Akaketi kitandani, karibu na miguu yangu, akaweka bunduki juu ya magoti. Kisha akajirusha kidogo, akajirusha tena. Chini yangu, nilijua, uso wa kaka yangu ulikuwa karibu kugusa ubao.

"Kitanda hii iko na nguvu," alisema. "Nani alitengeneza?"

"Ni mie na dada yangu."

"Bamama ya Beni!" Akacheka. Na bila kuvua mabuti akalala chali kando yangu, akafumba macho.

Sijui alilala muda gani. Najua alikoroma. Najua mvua ilikuwa ikipungua juu ya paa la gari, na kadiri ilivyopungua ndivyo nilivyoogopa zaidi, kwa sababu ilikuwa ikitufichia pumzi za Idi. Mama alisimama mlangoni, midomo ikisoma dua bila sauti. Kitanda hakikulia hata mara moja.

Filimbi ilipigwa barabarani. Yule askari aliinuka, akapangusa uso, akachukua blanketi, lile lile. Alilivuta na kulitupia begani, na miguu ya Idi ikabaki wazi. Lakini alikuwa amekwisha kugeuka kwenda mlangoni, hakutazama nyuma.

Idi alipotoka hakuweza kusimama. Alikuwa ameuma mkono wake mpaka damu. Mama alimfunga kwa kipande cha kitenge chake, akamwosha uso kama mtoto mchanga. Njia ilipofunguka, baba alimpeleka kwa shangazi yetu wa Bulengera, hapa Butembo ninakoishi sasa, akamalizia masomo. Yu hai, ana wake na watoto, Mungu ashukuriwe. Habari ile hatujaizungumza naye hata leo.

Juzi mama alikuja kututembelea hapa Butembo. Amezeeka, magoti yanamsumbua. Wajukuu walikuwa sebuleni wamekusanyika kwenye simu moja, wakitazama vichekesho, wakicheka hadi kuanguka chini. "Batoto, polepole!" mama alisema ghafla, kwa sauti ile ya zamani, na mimi, mama mzima, nikajikuta nimenyamaza. Watoto walimtazama wakishangaa. Hawajui kwamba sisi wa Beni tulijifunza kucheka kwa mabega tu, na kwamba wako wengine huko wanaojifunza hivyo hata sasa.

Mama aliangalia mlango, akaangalia dirisha, jua lilikuwa kali nje. Akashusha pumzi.

"Hapana," akawaambia. "Mucheke. Mucheke na nguvu."