Lita Moja ya Alizeti

Mafuta ya alizeti yakianza kupata moto kwenye kikaango changu, yale mazito yanayokamuliwa kwenye mashine za mtaani, huwa nafungua dirisha hata kama nje kuna baridi ya Njombe ya mwezi wa saba. Wanangu hudhani mama yao anaogopa moshi. Sijawaambia ninachokikimbia. Ninyi nawaambia kwa sababu hamji kula kwangu.

Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Mjimwema, hapahapa Njombe, na baba yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha mbao. Siku za Jumamosi alikuwa mali ya usharika, maana usharika wetu ulikuwa na trekta dogo la bustani, jekundu, lililoachwa na mmisionari mmoja kabla mimi sijazaliwa. Lilikata majani ya uwanja wa kanisa na kuvuta tela. Lilikuwa dogo kiasi kwamba baba akilikalia magoti yalimkaribia kidevu, na akina mama wa kwaya walimcheka waziwazi. Yeye alilipenda hivyohivyo, na mimi nililipenda kwa sababu yake.

Mwaka ule gia ilichoka. Asubuhi trekta lilitembea vizuri, likishapata joto lilikataa mlima, na kanisa letu liko mlimani. Gia yenyewe haikuwa ya meno kama ya magari. Baba aliiita gia ya oili: pampu inasukuma oili, oili inazungusha mota, mota inazungusha magurudumu, na dereva anakanyaga pedali moja tu kwenda mbele au kurudi nyuma. Mafundi wengine mjini walisema kitu hicho hakitengenezeki. Baba alikasirika, akakifungua.

Kazi ilichukua Jumamosi tatu. Vipande vilipangwa juu ya masinia ya mama, juu ya kitambaa cheupe, kila kimoja kwa mpangilio wake. Baba alipiga marufuku kufagia uani. Mama akauliza kama trekta limejifungua, maana hata yeye alipotoka leba hakulindiwa vumbi namna ile. Kazi yangu ilikuwa kuosha pistoni kwa petroli na mswaki, vipistoni vidogo vinavyong'aa, na kabla sijavigusa baba alinikagua kucha. "Gia hii haina adui ila uchafu," alisema, "hata punje ya mchanga inaiua." Sijawahi tena kujiona mtu wa maana kama Jumamosi zile.

Oili tuliifuata Makambako, mimi na yeye, kwa Mzee Hamisi. Alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyefungua duka la spea karibu na stendi, na madereva wa malori walimwamini kwa sababu pipa lake la oili halikuwahi kuonja kitu kingine. Alitusalimia "Kamwene!" kwa Kibena chake kibovu, akanipa kashata, akaniwekea mkono kichwani na kuniita mjukuu. Alitupimia lita tano kwenye dumu letu.

Nyumbani baba aliliweka dumu stoo, akasema lisiguswe hadi Jumamosi. Jumatano niliporudi shule sikuwa na la kufanya. Nilitaka tu kuiona oili ile juani, kwa kuwa baba alisema oili safi ina rangi ya asali. Nikaimimina kidogo kwenye bakuli. Ilikuwa kweli asali. Wakati wa kuirudisha dumu likaniponyoka, likalala ubavuni, na kabla sijalisimamisha ardhi nyekundu ya uani ilikuwa imeshainywa lita nzima.

Hapo ndipo nilipoonyesha akili yangu. Jikoni kulikuwa na dumu la mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa Makambako hukohuko, rangi ileile ya asali. Nikajazia. Nikatikisa. Nikafunika udongo kwa majivu, na nawaambieni ukweli, nililala usingizi mzuri, nikijisifu kwamba nimechagua mafuta safi kabisa, yale tunayoyala.

Jumamosi baba aliyamimina mwenyewe. Trekta lilizunguka uani, likarudi nyuma, likaenda mbele, na mama akalipigia vigelegele.

Siku iliyofuata ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Tela lilipakiwa mahindi, viazi, maharage na majogoo waliofungwa miguu, kwaya ikapanga mistari nyuma yake, na baba akakaa kwenye usukani akiwa amevaa koti lake la harusi. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Walianza kupanda kilima wakiimba. Katikati ya mlima trekta likaanza kulia sauti nyembamba. Nilikuwa pembeni ya barabara na watoto wenzangu. Moshi kidogo ukatoka chini ya kiti, na mama mmoja wa kwaya akanyamaza kuimba, akauliza, "Jamani, nani anakaanga maandazi saa hizi?"

Nilijua papo hapo.

Trekta likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma polepole, tela likapinda, viazi vikabingirika hadi mtaroni. Hakuna aliyeumia. Vijana walizuia magurudumu kwa mawe, wakabeba mavuno kwa vichwa. "Fundi, trekta limeamua kutoa sadaka hapahapa!" akapaza sauti mmoja, na watu wakacheka. Baba alibaki amekaa mle, magoti kidevuni, kwenye koti lake la harusi, hadi ibada ilipoanza.

Jumatatu aliifungua filta. Ilikuwa imejaa utando mzito kama nta. Akaijaza chupa oili ile, akaniambia nivae viatu. Njia nzima hadi Makambako, kila tulipopita kijiji nilijiambia nitasema tukifika kijiji kinachofuata.

Dukani kulikuwa na madereva wanne au watano. Baba hakusalimia. Aliigonga chupa juu ya meza. "Mzee Hamisi, umeniuzia oili ya kuchakachua. Umeniaibisha mbele ya usharika mzima."

Mzee Hamisi alimimina matone kidoleni, akayasugua hadi yakapata joto, akanusa. Kisha akamnyooshea baba vidole ili naye anuse. Baba akavisukuma. "Sina haja ya kunusa, nina macho."

Mzee Hamisi akaniangalia. Nilikuwa nimeshika pindo la koti la baba, na nadhani uso wangu ulisema kila kitu, maana aliniangalia muda mrefu. Nilisubiri aseme. Niliomba aseme, na niliomba asiseme.

"Inawezekana, Baba Upendo," alisema. "Pipa lilikuwa limefika chini. Unisamehe." Akajaza dumu jipya, oili kutoka pipa ambalo lilikuwa halijafunguliwa, akamkabidhi baba. Kisha akaniwekea mkono kichwani kama kawaida. "Na wewe mjukuu, unisamehe."

Dereva mmoja alichukua dumu lake tupu kutoka mezani, akatoka nalo bila kununua. Mwingine akamfuata. Niliwaona wote wawili, na nikanyamaza.

Trekta lilipona. Baba hakukanyaga tena duka lile. Spea alizifuata hadi Iringa, mbali zaidi. Niliamini ni hasira. Wageni walipokuja walisimulia habari ya mzee wa Makambako na oili yake, wakicheka, na mimi ndiye niliyewamiminia chai. Nikawa msichana, nikaolewa, nikazaa, nikawachapa wanangu kwa kusema uongo. Naona aibu kuandika sentensi hiyo.

Mwaka huu usharika umempa baba trekta lile alipumzishe nyumbani, naye kwa uzee wake akataka alifungue kwa mara ya mwisho. Nilimshikia taa. Kwenye kona moja ya gia kulikuwa na gundi ya njano, ngumu, iliyokaa miaka yote ile. Aliikwangua kwa ukucha, akanionyesha.

"Baba," nilisema, "ni mimi. Ni alizeti ya mama."

Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimojakimoja. "Najua, mwanangu. Nilinusa siku ile, aliponiletea vidole. Lakini nilikuwa nimeshapaza sauti. Watu walikuwa wanatuangalia." Kisha akasema, "Ningerudi dukani kwake na uso gani?"

Kumbe safari zote zile za Iringa zilikuwa aibu. Tulikaa nyumba moja, mezani pamoja, kila mtu na lake, na lilikuwa ni lilelile moja. Mzee yule alituona wote wawili kwa dakika moja, akatubeba.

Kesho yake tulikwenda Makambako. Palipokuwa na duka la spea sasa wanauza mitumba. Baba alimuuliza mama anayeuza nyanya pale mlangoni kama anamfahamu Mzee Hamisi.

"Yule Mrangi wa oili ya kuchakachua?" alijibu bila kuinua kichwa. "Alisharudi kwao Kondoa, zamani sana. Biashara ilimkataa."

Baba alivua kofia. "Oili yake ilikuwa safi, mama."

"Ni mimi niliyeichanganya," nikasema.

Mama yule alitutazama, akasema, "Haya," akaendelea kupanga nyanya zake. Baba akarudia, safari hii kwa sauti kubwa, sauti ileile ya siku ile: oili ya Mzee Hamisi ilikuwa safi. Watu wawili watatu waligeuka. Madereva wa siku ile hawakuwepo.