Supu Iliyomrudisha Njuki Mezani

Mzee Njuki wa Gachoka aliimba sauti ya besi katika kanisa letu hadi mwaka 1993, Pasta Riungu alipogundua kwamba anatibu vidonda vilivyooza kwa magome ya mti wa muuku. Gome ni uchawi. Sindano ya zahanati, ambayo dawa yake imekwisha tangu Krismasi, ni neema. Njuki akatengwa na Meza ya Bwana, akahamishiwa benchi la nyuma pamoja na walevi, ambao angalau walikuwa wameifurahia dhambi yao.

Mwaka uliofuata akaja Bi. Gatwiri, mtafiti mzaliwa wa Kibirichia, akitafuta miti inayoua bakteria. Njuki akaona wokovu. Sayansi ikisema ni dawa, pasta atasema nini?

"Nipe dawa kama unavyowapa wagonjwa," Gatwiri alimwambia.

Njuki ni mtu wa kutii. Kwake mgonjwa hapewi dawa kwa maji matupu kama ndama. Alichinja beberu, akachemsha magome katika supu ya mifupa, akajaza chupa. Gatwiri aliiona rangi ya kahawia, akashukuru, akasafiri nayo hadi Nairobi, jua likiwaka.

Alirudi Jumapili moja, akamkuta Njuki na mkewe Peninah nje ya kanisa, pasta akiwa karibu.

"Mzee, bakteria wangu hawakufa. Wamenenepa! Uliweka nini?"

"Supu, binti yangu. Dawa ungeinywaje bila supu?"

Pasta Riungu alicheka hadi akashika kola. "Kumbe huna nguvu zozote! Wewe si mganga, ni mpishi tu. Rudi mezani."

"Lakini Pasta, dawa yangu..."

"Baba Mutegi," Peninah akamkatiza, "sema asante."

Akasema asante.

Safari hii Gatwiri alibeba magome makavu, bila mbuzi. Mwaka 1995 alirudi akimeremeta: magome yameua bakteria wa usaha, na sasa anatenganisha kemikali zake moja moja amjue muuaji ni nani. Alitaka kulitangazia kanisa.

Njuki alimzuia mlangoni. "Binti yangu, hayo yatangaze Nairobi. Hapa mimi ni mpishi."

Akaingia kuimba besi. Wagonjwa wake wakaendelea kuja, nao wote, hata wenye vidonda vya mguu, waliagizwa kusema wamefuata supu.