Koili Niliyoifungua Bila Ruhusa

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya makumbusho nilifika dakika arobaini kabla ya saa ya kazi, kwa sababu sikujua basi la kutoka mtaani kwetu Flemingdon Park, hapa Toronto, lingechukua muda gani kwenye theluji. Mlinzi alinionyesha ngazi za kushukia. Karakana ilikuwa chini ya ardhi, haina dirisha, ina meza tatu ndefu na taa nyeupe zinazovuma. Nilikaa na koti langu mwilini mpaka Msimamizi wa Karakana alipoingia, mzee mrefu aliyekaribia kustaafu, akaniuliza swali moja tu.

"Umewahi kusuka koili kwa mkono?"

"Nimesuka," nilisema. "Tabora, miaka tisa."

Hakujua Tabora iko wapi na hakuuliza. Aliniwekea mezani kibiringo cha waya wa shaba na kipande cha chuma cha kuuzungushia, akaenda kutundika kofia yake. Nikaanza kazi.

Tabora nilikuwa fundi wa simu za reli, mwanamke peke yangu katika kituo. Mkuu wa Kituo alinifundisha kurekebisha mitambo ya zamani ya telegrafu, iliyopokea ujumbe kwa kugonga, na kila nilipokimbilia bisibisi alinizuia. "Binti, usikaze spring kabla hujajua kwa nini imelegea," alikuwa akisema, na mimi niliitikia ndiyo mzee, kisha nikaikaza akigeuka. Baadaye mitambo ile iliondolewa, nikahamishiwa Mtwara kwenye simu za kawaida, nikaolewa, nikafiwa na mume. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilimfuata binti yangu Neema Toronto. Nilipanga mizigo miaka miwili kwenye ghala moja huko Malton, karibu na uwanja wa ndege. Neema ndiye aliyeliona tangazo la kazi ya makumbusho. Mwezi uliofuata yeye mwenyewe alipata kazi Calgary, akahama, nikabaki na nyumba ya vyumba viwili kwenye ghorofa ya kumi na nne.

Vijana mnaosoma umeme leo mnazikuta sumaku za umeme zimefungwa ndani ya plastiki, hamzioni. Zetu zilikuwa wazi. Unachukua chuma kilichokunjwa kama kwato ya farasi, unakizungushia waya, unapitisha umeme, chuma kinakuwa sumaku. Mbele yake kuna kipande kidogo cha chuma kinachocheza, tulikiita ulimi. Umeme ukipita ulimi unavutwa, unagonga. Ukikatika, spring inaurudisha. Kugonga huko, kwa muda mfupi na mrefu, ndizo herufi.

Mafundi wa mwanzo kabisa walizungusha waya mtupu juu ya chuma kilichopakwa vanishi, na ilibidi waache nafasi kati ya mzunguko na mzunguko, maana waya ukigusana umeme unapita njia ya mkato. Mizunguko ikawa michache na sumaku dhaifu. Kisha wakaja watu wenye subira zaidi wakauvika waya wenyewe, kwa hariri au pamba, ili mizunguko ilale imebanana, tabaka juu ya tabaka. Wakagundua pia kwamba waya mnene wa mizunguko michache hunyanyua mzigo mkubwa ukiwa karibu na betri, lakini ukiwekwa mwisho wa njia ndefu haufanyi kitu. Kwa umbali unahitaji waya mwembamba, mizunguko mingi sana, na betri ya seli nyingi zilizofuatana. Bila ugunduzi huo ujumbe usingetoka nje ya chumba.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza nakala za mitambo hiyo ili wanafunzi waguse, maana ya asili haiguswi. Nilihesabu mizunguko kwa sauti, kwa Kiswahili, mia tatu na saba, mia tatu na nane. Ibada ya Kiswahili ilikuwepo mara moja kwa mwezi. Siku za katikati, nje ya kuhesabu, mara nyingi nilifika nyumbani jioni nikatambua kwamba neno pekee nililomwambia mtu tangu asubuhi ni asante kwa dereva wa basi. Msimamizi alikuwa mtu mwema asiyezungumza. Tulikula mchana kila mmoja kwenye meza yake.

Siku nakala yangu ya kwanza ilipogonga, waya ukiwa umezunguka ukumbi mzima wa juu na kurudi, nilimpigia Neema.

"Mama, niko kazini. Nikupigie baadaye?"

"Piga ukipata nafasi, mwanangu. Si jambo kubwa."

Alipiga Jumapili. Kufikia hapo sikuwa na la kumweleza.

Mwaka wa tano yalitangazwa maonyesho ya mawasiliano ya zamani, na makumbusho yakapewa kipokezi kimoja cha asili kilichokutwa kwenye banda la shamba. Hakikuwa na jina la mtengenezaji. Waya wake ulikuwa umevikwa vitambaa vilivyokatwa vipande vyembamba, umesukwa vibaya, umevimba upande mmoja. Ulimi wake ulikuwa na kasoro ninayoijua: ukivutwa haurudi. Chuma kikiwa kigumu hubaki na sumaku kidogo hata umeme ukishakatika, na sumaku hiyo huushikilia ulimi. Dawa yake ni kukichoma chuma mpaka kiwe chekundu na kukiacha kipoe polepole ndani ya majivu, kisha kuweka kipande chembamba cha shaba ili ulimi usigusane nacho kabisa.

Msimamizi alikuwa hospitalini, amefanyiwa upasuaji. Mhifadhi Mkuu, mwanamke aliyesimamia vitu vyote vya asili, alikuwa safarini. Mkurugenzi alishuka karakana kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, akasimama mbele ya kile kipokezi.

"Ingependeza kama kingegonga siku ya ufunguzi," alisema.

Hakusema nikifungue. Nimelirudia neno lake mara nyingi kichwani na kila mara nakuta hakusema. Lakini nilikuwa peke yangu wiki ya tatu, nilijua dawa, na mtu alikuwa amekuja kunisemesha. Nilikata nyuzi zilizoifunga koili, nikauvuta ule waya wa zamani wote, nikautia kwenye mfuko. Nilichoma chuma, nikakipoza, nikasuka koili mpya kwa waya wa kisasa, mizunguko imelala kama nywele zilizochanwa. Niliuwekea ulimi shaba yake. Ukagonga safi.

Siku ya ufunguzi watu walipiga makofi. Mkurugenzi alinitaja kwa jina, ingawa alilikosea.

Mhifadhi Mkuu alirudi Jumatatu. Alishuka na koti lake bado limefungwa, akakiinamia kipokezi.

"Nani alikuambia ufungue?"

"Mkurugenzi alitaka kigonge."

"Nimeuliza nani alikuambia ufungue."

"Hakuna," nilisema.

Hakupandisha sauti. "Felista, vipokezi vinavyogonga tunavyo sita. Umevitengeneza wewe, ni vizuri. Hiki kilikuwa peke yake. Kile ulichokiona kibaya ndicho tulichokuwa tunakitunza." Kisha akauliza, "Waya uko wapi?"

Nilimtolea mfuko chini ya meza. Aliufungua, akaukunja tena, akaniachia.

Niliondolewa kwenye vitu vya asili. Majira yote ya baridi nilibandika namba kwenye masanduku ya vihami vya kauri, vile vya kushikia nyaya kwenye nguzo. Msimamizi aliporudi aliambiwa, na hakunilaumu, ila alisogeza kiti chake siku hiyo akala mchana kwenye meza yangu. Sandwichi yake ilikuwa ya yai.

Mwezi wa tatu nilipanda kwa Mhifadhi Mkuu nikaomba niurudishe waya ule jinsi ulivyokuwa. Alinijibu kwamba zipo picha tatu tu na kwamba sitaweza. Nikamwambia waya uliokaa umejikunja miaka mingi haunyooki wenyewe, kila mkunjo bado upo, nitausoma. Akanipa siku za Alhamisi.

Ilinichukua Alhamisi za mwaka mzima na zaidi. Niliulaza waya kwenye sakafu ya karakana, hatua kwa hatua, nikitazama kwa kioo cha kukuzia. Nilikuta viungo kumi na tisa. Yule fundi hakuwa na waya wa kutosha, alikuwa akiokoteza vipande na kuviunganisha. Vitambaa vilikuwa na maua madogo yaliyofifia na matundu ya sindano pembeni, vilikatwa kwenye gauni lililokwisha kushonwa. Katika tabaka la tatu alikosea. Alizungusha mara sita kinyume, kisha akagundua, akageuza akaendelea, bila kufungua. Labda aliogopa kitambaa kingechanika. Ilinibidi nami nizungushe mara sita kinyume, kwa makusudi, mkono wangu ukikataa.

Sijui alikuwa nani. Niliamini ni mwanamke, kwa sababu ya ule ushonaji, lakini siwezi kuthibitisha. Najua alikuwa akitumia mkono wa kushoto, kwa upande waya ulikolalia, na kwamba alifanya kazi bila mtu wa kumshikia ncha ya pili, maana kila mzunguko wa mia na kitu waya umebonyea mahali pamoja, pale alipoubana kwa goti ili apumzike. Nami niliubana kwa goti pale pale. Kwa mwaka ule sikuhesabu kwa sauti. Nilikuwa nikimweleza habari, kimya kimya, kama unavyomweleza mtu mnayekaa naye chumba kimoja.

Waya ulirudi. Chuma hakikurudi. Nilikilainisha kwa moto, na ugumu wake wa kwanza, ambao ungeweza kumwambia mtaalamu kilitoka kiwanda gani na kilifuliwa vipi, ulikwisha siku ile ndani ya majivu. Hakuna Alhamisi za kutosha kwa jambo hilo.

Nilifanya kazi miaka mingine saba. Msimamizi alistaafu, kisha akafariki, nikakaa kwenye meza yake. Neema alikuja mara moja kuona ninapofanya kazi, nikamweleza kila kitu kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake. Alipokuwa akipanda ngazi kuondoka aligeuka akasema, kwa Kiswahili chake cha kusitasita, "Mama, hapa chini ni baridi sana." Nikamwambia nimezoea.

Wiki yangu ya mwisho Mhifadhi Mkuu aliniletea jalada la kile kipokezi.

"Kuna ukurasa haujajazwa," alisema. "Lazima ionekane kilifanyiwa nini. Unaweza kuandika 'kilifunguliwa na kusukwa upya'. Inatosha."

Nilikaa asubuhi nzima. Niliandika kwamba nilikifungua mimi, bila ruhusa, kwa sababu nilitaka kigonge na nilitaka kuonekana. Niliandika nilichokichoma na kwamba hakirudishiki. Nikaandika viungo kumi na tisa, gauni, mizunguko sita ya kinyume, goti. Zilikuwa kurasa nne. Nikatia jina langu kamili.

Sasa nimestaafu. Siku ni ndefu. Nashuka kununua mkate, napanda. Neema anapiga Jumapili. Mkiniuliza nini cha kuwaachia kuhusu kazi hii, sina mengi. Kuuboresha mtambo ni kazi nzuri, na wale walioivika shaba hariri waliupeleka ujumbe mbali. Lakini boresheni wenu, mlioutengeneza wenyewe.

Majira ya kuchipua yaliyopita simu yangu iliita siku ya Jumanne, namba nisiyoijua. Alikuwa msichana, mhifadhi mpya katika makumbusho ya mji mwingine, aliyepewa namba yangu na makumbusho yetu, sauti yake ya chini kama mtu aliye kwenye chumba kisicho na dirisha. Alisema ana kipokezi cha zamani mezani, ulimi wake haurudi, na kwamba alikuwa ameshachukua kisu akate nyuzi alipokumbuka kurasa zangu, walizosomeshwa chuoni.

"Nimekiweka kisu chini," alisema. "Ila sijui nianze kutazama wapi. Na hapa sina wa kumuuliza."

"Una kiti?" nilimuuliza.

"Ninacho."

"Kivute, ukae," nilisema, na mimi nikavuta changu. "Sasa niambie unachokiona."