Ukurasa wa J

Harufu ya ugoro hunikera mpaka leo. Wenzangu huwakumbuka bibi zao kwa upendo wakiisikia. Mimi hukumbuka ukurasa wa kamusi, na hasira hunipanda upya.

Nilikuwa darasa la sita, tukiishi Nakwa, miaka ile ya shida tulipofulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Jina langu ni Joy. Mwalimu wa Kiingereza aliniagiza niwaeleze wenzangu siku ya Ijumaa maana ya jina hilo na lilikotoka. Maana niliijua: furaha. Lilikotoka sikujua, na baba aliyenipa jina hilo alikuwa amekwisha fariki. Nililitaka jibu kuliko nilivyotaka viatu.

Kamusi nene yenye kueleza asili ya maneno ilikuwa kwa katekista mstaafu, kule Bonga. Alhamisi nilikwenda kwa miguu. Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha, na mkewe aliuza ugoro mnadani. Karatasi za kufungia hazikupatikana, na kitabu hakikuwa na msomaji, basi alikichana ukurasa baada ya ukurasa, kwa utaratibu kabisa, kuanzia A. Nilimkuta kwenye K. Akaniambia bila wasiwasi kwamba za J ziliisha mnada uliopita, na kwamba bibi yangu alichukua pakiti mbili.

Nilirudi mbio. Bibi, mama yake baba, alikuwa jikoni. Karatasi moja ilikuwepo, imeanzia kwenye judge, neno linalokuja baada ya langu. Nyingine alikuwa amewashia moto asubuhi hiyo, kwa kuwa kiberiti kilikuwa adimu na njiti moja ilitakiwa ishike mara moja. Nililia kwa hasira. Yeye, asiyejua kusoma, alinishangaa kweli.

“Mjukuu wangu, jina lako nakuita kila siku. Nilihitaji karatasi lini?”

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikasema sijui, na kwa siku tatu sikumwamkia bibi.

Juzi niliiuliza simu. Ikajibu papo hapo: neno lilitoka Kilatini, likapitia Kifaransa. Ndilo hilo tu? Nikaendelea kupekua, lakini simu haikujua kwa nini baba alilichagua. Bibi huenda alijua. Alikuwa amekaa pale pale mbele yangu, jikoni, na mimi nikamdai karatasi.