Mchuzi wa Maharage

Nikiwa mdogo kule Idodi nilichokoza mzinga wa baba. Nyuki wakaniuma uso mzima, jicho moja likafumba, mashavu yakawa kama maandazi. Nikapelekwa shule hivyo hivyo. Mwalimu akaniangalia: "Leo umenenepa, kwenu mmechinja?" Darasa likaangua kicheko. Shule yenyewe niliiacha darasa la tatu, siyo kwa sababu ya nyuki, ng'ombe walikuwa hawana mchungaji. Ila lile neno la kunenepa lilinikaa kichwani.

Maana mjukuu wetu naye alinenepa hivyo. Mama yake alifariki, akabaki kwetu hapa Kalenga na baba yake, ambaye ni mwanangu wa mwisho. Mashavu yamejaa, miguu imejaa. Jirani akipita: "Kamwene, babu! Huyu mnampa nini, mbona bonge?" Tunafurahi. Nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi, tukasema kachukua kwa mama yake.

Tulikuwa tunampa ugali na mchuzi wa maharage. Mchuzi tu. Kwetu punje mtoto mdogo hapewi, zinamjaza gesi, wanakula wakubwa. Ndivyo nilivyolelewa mimi na sikufa, ingawa kurefuka sikurefuka. Na maharage tulikuwa nayo, yale ya njano, yanaiva upesi, debe zima uvunguni.

Kliniki nesi alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole. Pakabaki shimo.

"Babu, huku siyo kunenepa. Kavimba kwa kukosa protini."

"Nyama hatuna, mwanangu."

"Nani kasema nyama? Mnalima nini?"

"Mahindi na maharage."

"Basi. Mpeni punje, siyo maji yake. Mahindi peke yake yana upungufu, maharage nayo yana wake. Yakiliwa pamoja yanajaziana, mwili unapata protini kamili. Akitoka hapa mpikieni kande, iive, muiponde."

Akalazwa, akapewa maziwa ya hospitali. Uvimbe ukashuka, tukamwona alivyo: mifupa. Tukaruhusiwa kurudi naye. Nesi akasema tena, akikataa kula hatapona.

Mke wangu akapika kande. Sasa kwetu kande ni chakula cha msibani, watu wengi, chungu kimoja. Mwanangu akarudi kutoka kwenye kibarua chake Mlandege, akasimama mlangoni akinusa.

"Mama, nani kafa?"

"Hajafa mtu, baba. Ni ya mtoto."

"Mnamlia mwanangu matanga anawaangalia?"

Nikamweleza ya nesi, mahindi na maharage yanavyojaziana. Yalinitoka kombokombo, mimi siyo msomi. Akacheka vibaya.

"Baba, kande ya mwisho kuila ilikuwa ya msiba wa mama yake. Ilimjazia nini?"

Mke wangu akamsogezea mtoto kijiko.

Mtoto akalamba kidogo, akageuza uso kwa bibi yake. Kwangu pia akakataa. Mke wangu akamnyooshea mwanangu kijiko. "Mlishe wewe, baba. Kwa mkono wako anakula, unajua."

Alijua. Akakiangalia kile kijiko, na kande ile ikipoa, na mtoto akimtazama yeye tu.

"Naenda Mbeya," akasema. "Nitaleta nyama."

Akachukua koti, akashika njia ya kwenda barabara kubwa, wala hakukimbia. Simu yake haikupatikana tena. Mtoto hakula kwa mkono wa mwingine; tulimzika bila baba yake, na mpaka leo hajarudi.